Johannes Rebmann: Je, Sala Humfanya Mtu Kuwa Bora?

Swali hili ni la kale, na kila kizazi hulirudia kwa maneno yake. Je, mtu anayesali kila siku, anayefunga, anayejitenga ili atafakari, huwa bora kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza? Au hubaki yule yule, ila sasa amepata jina zuri la kuziita tabia zake? Katika mabaraza yetu ya wanafunzi swali hili huzuka mara kwa mara, na aghalabu hujibiwa kwa mifano ya haraka. Huyu atamtaja sheikh mpole aliyemfahamu utotoni, na yule atamtaja mlokole mwenye ulimi mkali. Mifano ya namna hiyo haitufikishi mbali kwa kuwa kila upande una ghala yake. Heri tuchukue maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vya kutosha, tuyafuate tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tutazame sala zilimfanyia nini.

Mtu huyo ni Johannes Rebmann. Wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu, yaani theluji ya Kilimanjaro. Wanafunzi wa Kiswahili humjua zaidi kidogo, kama mwenzake Ludwig Krapf katika kazi za kamusi. Wachache hukumbuka kuwa njia iliyompeleka kwenye theluji ile ilipita Bura. Ninaposema Bura nakusudia Bura ya Taita, iliyo upande wa magharibi wa Mwatate kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, wala si Bura ya Mto Tana inayojulikana kwa mashamba yake ya kunyunyiziwa maji. Siku hizi jina la Bura hii ya Taita limefungamana na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1892. Rebmann, Mprotestanti, alikuwa amepita hapo miaka 44 kabla yao, kwa miguu, mwavuli mkononi.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, Württemberg, kusini mwa Ujerumani, katika jamii ya wakulima. Sehemu ile ilikuwa ngome ya Wapietisti, na hatuwezi kumwelewa Rebmann bila kuwaelewa hao. Wapietisti walikuwa Walutheri waliochoshwa na dini ya kuhudhuria ibada tu na kukariri katekisimu. Kwao, imani ambayo haikuugeuza moyo ilikuwa ni kelele. Walikusanyika majumbani katika vikundi vidogo, wakaisoma Biblia kwa mpango, sura baada ya sura, siku baada ya siku, wakajichunguza nafsi na kuandika katika shajara zao makosa waliyoyaona. Kwa ufupi, walikuwa na mazoezi ya kiroho yenye ratiba, na walidai waziwazi kuwa mazoezi hayo humfanya mtu kuwa mpya. Basi hatumwonei Rebmann tunapomuuliza swali letu. Ni dai lake mwenyewe na la waliomlea.

Aliingia chuo cha wamisionari cha Basel mwaka 1839, akahamia Islington, London, mwaka 1844 chini ya Church Missionary Society, akawekewa mikono mwaka uliofuata, na tarehe 10 Juni 1846 akateremka Mombasa. Krapf alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili, na katika mwaka wake wa kwanza hapo alikuwa ameshamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Wawili hao walihamia Rabai mwezi wa Agosti 1846, wote wakiwa wagonjwa wa homa, wakaanza kujenga nyumba na kujifunza lugha. Rebmann alikuwa na umri wa miaka 26.

Safari yake ya kwanza ya bara ilikuwa Oktoba 1847, hadi Kadiaro, mlima ambao leo tunauita Kasigau. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, aliondoka tena, safari hii akielekea nchi ya Wachaga. Alikuwa na watu tisa, na kiongozi wao alikuwa Bwana Kheri, msafiri mzoefu wa njia zile. Liwali wa Mombasa alimwonya asije akaupanda ule mlima, maana una majini. Misafara ya wakati huo ilijilinda kwa bunduki na kwa wingi wa watu, lakini Rebmann alichukua mwavuli. Krapf hakuficha fahari yake kwa ajili ya mwenzake aliyeivuka nyika ya simba na vifaru bila silaha nyingine. Sisi tunaosoma leo tunaweza kuuona mwavuli huo kuwa kichekesho, au kuwa kiburi cha aina yake. Mimi nauona kama ushahidi wa kwanza katika kesi yetu. Kijana aliyezoea kusali kila alfajiri alikuwa ameondokewa na hofu, au angalau alikuwa amejifunza kutembea huku anaogopa.

Mapema Mei alifika kwenye milima ya Bura. Kutoka kwenye nyika kavu yenye miiba, msafiri hukutana ghafla na mabonde yenye maji baridi, migomba, miwa na mashamba yaliyopangwa mteremkoni. Rebmann alifurahi mno. Ilimkumbusha milima ya kwao, akatembea juu ya vilima vile kwa wepesi wa moyo kana kwamba Afrika yote ilikuwa imekwisha kumpokea Mwokozi wake. Hebu tuitazame furaha hiyo kwa makini. Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya sala. Lakini iliielekea zaidi nchi kuliko watu wake, na iliwaelekea watu kama watakavyokuja kuwa, si kama walivyokuwa siku ile. Katika vijiji alivyovipita, watu walikuwa na njia yao ya kuushughulikia moyo wa binadamu. Tutairudia punde.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimuuliza kiongozi wake ni nini, naye hakuwa na jina la kukipa isipokuwa baridi. Mwanafunzi wa isimu hawezi kuipita nukta hii bila kusimama: lugha haikuwa na neno la theluji kwa kuwa watumiaji wake hawakuwa na haja nalo, basi msemaji akachukua neno la hali akalifanya jina la kitu. Rebmann akaelewa mara moja. Kisha akafanya jambo ambalo lingemshangaza mgunduzi mwingine yeyote wa karne ile. Hakuanza kupima wala kuchora, bali aliketi chini ya mti akafungua Biblia, akasoma Zaburi ya 111. Hakuichagua kwa ajili ya mlima. Ndiyo iliyokuwa zamu ya siku ile katika mpango wake wa kusoma, na ikaangukia hapo.

Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1849, na wasomi wakamcheka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliandika kwa ukali kuwa theluji karibu na ikweta ni ndoto ya macho mabovu. Mabishano yalidumu miaka zaidi ya kumi, hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha yaliyosemwa. Katika muda huo wote Rebmann alijibu pale alipolazimika, kwa hoja, akieleza alichokiona na jinsi wenyeji wanavyokisimulia, kisha akarudi kwenye kazi zake. Hakugeuza maisha yake kuwa kesi. Anayejua jinsi wasomi wanavyoweza kulea kinyongo cha tanbihi moja kwa miaka thelathini atakubali kuwa hili si jambo dogo.

Safari ya tatu kwenda Uchaga, iliyoanza Aprili 1849, ndiyo iliyomvunja. Alikusudia kupita Machame hadi Unyamwezi, akiwa na watu wapatao thelathini na mizigo ya vitambaa na shanga vya kugharimia njia. Mangi Mamkinga, aliyempokea vyema katika safari ya pili, safari hii alimchuna. Leo aliombwa hiki, kesho kile, hata akabaki mikono mitupu wala hakuweza tena kusonga mbele. Rebmann akalia. Alipoulizwa sababu, watu walidhani analilia mali yake. Yeye akaeleza kuwa halilii vitambaa, bali vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao waliotaka habari za Mungu ziwafikie Waafrika wote, na sasa vimeishia hapo. Mtu anaweza kulisoma jibu hilo kwa njia mbili. Msomaji mwenye shaka atasema ni maneno ya mtu anayeyapamba machozi yake. Mimi naona mtu aliyejichunguza, akapima kwa unyofu ni kitu gani hasa kinachomuuma. Alirejea pwani katika mvua, homa na tumbo la kuendesha. Hakumlaani Mamkinga, wala hakuomba serikali yoyote iende ikamlipizie.

Katika kuagwa huko Machame alitemewa mate, pamoja na maneno ya kumtakia amani njiani. Kwake ilikuwa ni desturi ya ajabu, na tena ya gharama, kwani kila baraka ilidai zawadi. Lakini tumtoe Uchaga kwa muda, tumrudishe Bura, kwani huko ndiko mate haya yanakopata maana kwa mada yetu.

Wataita, au Wadawida kama wajiitavyo wale wa milima mikubwa, walikuwa na tendo la ibada liitwalo kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alilifanya kiini cha kitabu chake kilichotoka mwaka 1978 kuhusu dini ya Wataita. Mtu huchukua funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, au hata maji matupu, akalipuliza nje ya kinywa huku akitamka maneno ya kutaka afya, mvua na amani. Kinachotemwa pamoja na kile kinywaji ni hasira. Imani iliyolala chini ya tendo hilo ni kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu, jirani, mzimu au Mungu mwenyewe huweza kumdhuru aliyekasirikiwa, akaugua yeye au mifugo yake. Dawa si kumnywesha mgonjwa mizizi tu. Sharti atafutwe mwenye hasira, aikiri mbele ya watu, aiteme. Kwa maneno mengine, Wataita walikuwa na mazoezi ya kiroho ambayo shabaha yake ilikuwa ile ile ya Wapietisti wa Gerlingen, yaani kuusafisha moyo. Tofauti ni mahali pa kusafishia. Mpietisti alijifungia chumbani na shajara yake. Mtaita alisimama uani, na yule aliyemkosea akiwa anamtazama.

Tusiipambe kutasa kupita kiasi. Wataita wenyewe walijua kuwa kinywa chaweza kutema na moyo ukabaki umeshika. Hofu yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo, mtu anayetoa baraka kwa ulimi na kuificha hasira ndani. Na anayechunguzwa kila mara na jamaa zake kama ana hasira hana raha pia. Ila jambo moja limo katika kutasa ambalo Rebmann hakuwa nalo: aliyesema moyo wangu umetakata hakuwa hakimu wa pekee wa usemi wake. Mgonjwa asipopona, suala lilifunguliwa upya.

Baada ya mwaka 1849 Rebmann hakusafiri tena kwenda bara. Wanahistoria wengi humwacha hapa, wakafuatana na Burton na Speke. Sisi ndipo tunapoanza kumhitaji, maana safari hudumu miezi, lakini ukweli wa tabia ya mtu huonekana katika miaka ya kukaa mahali pamoja.

Kwanza palizuka tofauti kati yake na Krapf. Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa, akitaka mlolongo wa vituo vya misheni utakaovuka bara kutoka bahari hadi bahari. Rebmann aliona kuwa ni afadhali kukaa pamoja na watu wachache, kuijua lugha yao, na kungoja. Wote wawili walisali juu ya jambo hilo, na kila mmoja aliondoka katika sala akiwa na hakika ya maoni yale yale aliyoingia nayo. Hili limetokea mara nyingi katika historia ya dini kiasi kwamba ningependa kuona utafiti wa kina juu yake. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Jakob Erhardt, aliyekuwa amejiunga nao mwaka 1849, aliondoka mwaka 1855, akibeba ramani waliyoichora na Rebmann kutokana na masimulizi ya wasafiri wa misafara. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ramani ilikuwa na kosa, maana kumbe maziwa yalikuwa matatu, lakini ndiyo iliyowachochea watu wa Royal Geographical Society kutuma wapelelezi. Richard Burton alifika Kisuludini, karibu na Rabai, mwanzoni mwa mwaka 1857, akitumaini kuwa Rebmann atafuatana naye. Hakufuatana. Burton alikuwa na bunduki na haraka, na mwenyeji wake hakuwa na kimoja wala kingine.

Rebmann alikuwa ameoa mwaka 1851 huko Misri. Mkewe Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni huko, alikuja kuishi naye Rabai. Walipata mtoto wa kiume, akafa baada ya siku chache tu. Wamaasai walipoivamia sehemu ile mwaka 1857, mume na mke walikimbilia pwani, wakakaa Zanzibar kwa muda kabla ya kurejea Kisuludini. Emma alifariki mwaka 1866. Tangu hapo Rebmann akawa peke yake kwa takriban miaka tisa, Mzungu mmoja na Wakristo wasiojaza chumba kimoja.

Kwa hesabu za misheni alikuwa ameshindwa. Mringe, aliyekuwa mlemavu, alibatizwa akiwa karibu na kufa. Walifuata Abe Gunja na mwanawe Nyondo, na wengine wachache sana. Waliotumwa kumsaidia hawakukaa sana pamoja naye. Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika suala la biashara ya utumwa, alipopita pwani mwaka 1873 alimkuta mzee ambaye macho yake yamekwisha kufifia, ameinamia kamusi zake, hana habari nyingi na ulimwengu wa nje. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 53.

Hapa lazima tuseme mabaya yake bila kumung'unya. Alikuwa mkaidi. Alijitenga kiasi kwamba wenzake wa kazi walimwona mgumu wa kuishi naye. Katika maandishi yake, kama katika ya Krapf, yamo maneno makali juu ya watu wa Rabai, juu ya ulevi wao na kutojali kwao, kana kwamba watu wenye kaya, wazee, mapatano na sala zao za mvua walikuwa ukurasa mtupu uliokuwa unangoja wino wake. Miaka 29 ya kuomba kila siku haikumfumbua macho juu ya jambo hilo. Wala haikumfanya awe rahisi wa kupendeka. Kama mtu angewauliza majirani zake wa Kizungu je, sala zimemfanya Rebmann kuwa bora, nadhani wengi wangetikisa kichwa. Na jirani ndiye wa kuulizwa. Watafiti wa siku hizi wanaopima faida za kutafakari mara nyingi humpa mtafakari mwenyewe karatasi ya maswali ajijazie jinsi alivyokuwa mpole. Wazee wa Taita wangelicheka jambo hilo.

Lakini kuna jirani mwingine wa kuulizwa, naye ni Salimini.

Salimini alikuwa mtumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, aliyechukuliwa kwao akafikishwa Mombasa. Kuanzia mwaka 1853 Rebmann alianza kukaa naye na kuandika maneno ya lugha yake, Kinyasa kama alivyoiita, ambayo leo tunaitambua kama Kichewa au Kinyanja. Hebu tufikirie kazi hiyo ilivyokuwa. Rebmann hakuwahi kufika Nyasa wala hakuwa na tumaini la kufika. Wasemaji wa lugha ile walikuwa mbali naye kwa mamia ya maili. Hapakuwa na mchapishaji aliyengoja kazi hiyo. Siku baada ya siku watu wawili walikaa, mmoja mtumwa na mwingine mgonjwa wa macho, wakiuliza na kujibu: kitu hiki huitwaje kwenu, na kikiwa kidogo, na kikivunjika, na mkikisema kwa heshima? Kamusi iliyotokana na vikao hivyo si orodha ya maneno makavu. Ndani yake yamo maelezo ya vyakula, ufundi, desturi na mambo ya kwao Salimini, kama yalivyokumbukwa na mtu aliyetenganishwa nayo kwa nguvu.

Sijui jina jingine la kuupa usikivu huo isipokuwa sala ya mtindo mwingine. Nidhamu iliyomfanya Rebmann asome zaburi ya zamu yake chini ya theluji ya Kilimanjaro ndiyo iliyomfanya asiruke neno hata moja la mtumwa. Mtu aliyeshindwa kuisikia dini ya wazee wa Rabai aliweza kuyasikia maneno yao, moja moja, pamoja na vivuli vyake vya maana, na bila kujua akaihifadhi ile dini aliyoidharau, kwa kuwa msamiati wa Kinyika alioukusanya pamoja na Krapf umejaa mizimu, viapo na mambo ya kaya. Kinyika ndilo jina walilolitumia kwa lugha za Wamijikenda. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1887. Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili cha Mombasa ilipigwa chapa mwaka 1876. Krapf naye alipotoa kamusi yake kuu ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, alikuwa amenufaika na shehena ya maneno kutoka kwa Rebmann.

Basi sala zilimfanyia nini? Ninavyoona mimi, zilimpa karibu kila fadhila ambayo mtu anaweza kuitenda akiwa peke yake. Alikuwa jasiri njiani, mvumilivu mbele ya kejeli za London, asiyelipiza kisasi kwa Mamkinga, mwaminifu kwa kazi isiyo na malipo. Fadhila zinazohitaji mwenzi wa pili, yaani kukubali kukosolewa, kumwacha mwenzako aibadili nia yako, kutema hasira mbele ya aliyekukasirisha, hazikukua kwa kiasi hicho, kwa sababu mazoezi yake hayakumweka mbele ya mwenzi. Yalimweka mbele ya kitabu na ya Mungu wake. Isipokuwa pale mezani kwa Salimini. Hapo kulikuwa na mtu wa pili ambaye ndiye aliyejua, na mchungaji alikuwa mwanafunzi. Si ajabu kuwa hapo ndipo tunapomwona akiwa bora zaidi.

Mpinzani anaweza kuniambia kuwa Rebmann angekuwa hivyo hivyo hata bila sala, kwamba alizaliwa mpole na mkaidi, na dini ikapita juu yake kama maji juu ya jani la myugwa. Siwezi kumkanusha moja kwa moja, kwa kuwa hatuna Rebmann wa pili asiyesali wa kumlinganisha naye. Naweza tu kumwelekeza kwenye miaka ile tisa baada ya kifo cha Emma. Upweke wa namna hiyo, pamoja na upofu unaokuja polepole, umewageuza watu wengi kuwa walevi au watesaji wa watumishi wao, na pwani ya karne ya kumi na tisa ina mifano tele. Rebmann aligeuka kuwa mzee mgumu mwenye kamusi.

Mwaka 1875 misheni ilianza ukurasa mpya, na makazi ya watumwa walioachwa huru yakafunguliwa karibu na Mombasa, yakaitwa Freretown. Rebmann, ambaye sasa alikuwa kipofu kabisa, alikubali hatimaye kuondoka. Hakuwa amerudi Ulaya tangu alipotoka mwaka 1846. Hakuweza kusafiri peke yake, kwa hiyo Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, alifuatana naye, akamshika mkono melini, akamwongoza katika mitaa ya miji ambayo Nyondo mwenyewe hakuwahi kuiona. Watu walioshangilia miaka mingi habari za mmisionari aliyekwenda kuwaongoza Waafrika walimwona sasa Mwafrika akimwongoza mmisionari, hatua kwa hatua, akimwambia pa kuweka mguu.

Alikaa Korntal, mji wa Wapietisti karibu na kijiji alichozaliwa. Krapf alikuwa akiishi huko huko. Wazee hao wawili, ambao sala hazikuwapatanisha juu ya mlolongo wa vituo, walikuwa majirani tena. Mwaka 1876 Rebmann alioa kwa mara ya pili, mjane wa mmisionari, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki akiwa na umri wa miaka 56. Krapf ndiye aliyeichukua miswada ya Kinyasa, akaisahihisha na kuipeleka kwa mpiga chapa. Kamusi ilitoka mwaka 1877. Nyondo alikwisha kurudi Rabai, akaendelea na kazi ya ukalimani na kuhubiri. Katika milima ya Bura watu waliendelea kutasa, na miaka 15 zaidi ilipita kabla mapadre hawajaja kujenga.